Roy Jenkins: Mbunge wa Stechford Aliyegombana na Chama Chake kwa Ajili ya Ulaya

 Mhariri ameniomba niandike maisha ya mtu maarufu aliyekwisha fariki, na najua wengi mlitegemea niwaletee Nyerere, Mboya au Kenyatta kama ilivyo desturi ya gazeti letu. Safari hii nimewaletea Mzungu, tena mwanasiasa! Nasikia mnaguna. Vumilieni kidogo, kwa sababu habari yake inatuhusu kuliko mnavyodhani, na mimi inanihusu zaidi.

Naanza na kukiri. Tarehe 23 Juni 2016 Waingereza walipiga kura ya maoni ya kubaki ndani ya Umoja wa Ulaya au kutoka. Kwa wale ambao hawakuwepo: sheria ya huku inamruhusu raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali kujiandikisha na kupiga kura. Kwa hiyo mimi Mtanzania, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza niliyekuwa hata msimu mmoja wa baridi sijaumaliza vizuri, niliitwa kuamua mustakabali wa Uingereza. Siku hizo nilikuwa nakaa Selly Oak na usiku nabeba boksi kwenye ghala moja kule Stechford, nikipanda basi namba 11, lile lililokuwa linazunguka jiji zima. Pale ghalani nilifanya kazi na jamaa mmoja kutoka Poland, mtu mzima, aliyekwisha kaa Birmingham miaka tisa, analipa kodi, watoto wake wanaongea Kiingereza cha hapa hapa. Yeye hakuwa na kura. Mimi nilikuwa nayo.

Nikapiga ya kutoka. Ndiyo. Sababu zangu zilikuwa mbili. Ya kwanza, nilisikia watu wakisema kwamba Uingereza ikitoka Ulaya itarudi kwa ndugu zake wa Madola, na sisi tutapata viza kirahisi. Ya pili ilikuwa neno lenyewe, uhuru. Sisi tumelelewa na neno hilo tangu shule ya msingi, tumekimbiza Mwenge, tumeimba. Mtu akiniambia nchi inataka kujitawala, mkono wangu unakwenda wenyewe. Matokeo ya Birmingham mnayajua: waliotaka kutoka walikuwa asilimia 50.4, wamezidi kwa kura kama 3,800 tu katika kura zaidi ya laki nne na nusu. Ndani ya hizo imo yangu.

Wiki chache baadaye mama mmoja Mwingereza, mzee aliyezaliwa na kukulia Stechford, alinisikia nikibishana pale kituoni na wenzangu juu ya matokeo hayo. Akacheka. Akaniambia kwamba mbunge wao wa zamani, aliyewawakilisha kwa miaka 27, angelia kama angekuwa hai. Ndiyo mara ya kwanza kusikia jina la Roy Jenkins. Nikaanza kusoma habari zake, mwanzoni kwa udadisi tu, baadaye kwa namna ya mtu anayetafuta kujua amefanya nini.

Alizaliwa tarehe 11 Novemba 1920 Abersychan, kusini mwa Wales, mahali pa makaa ya mawe. Baba yake, Arthur Jenkins, aliingia mgodini angali kijana mdogo, akapanda hadi kuwa kiongozi wa chama cha wachimba migodi. Mwaka 1926, wakati wa ule mgomo mkubwa, mzee huyo alikamatwa kwa kosa la kushiriki vurugu, ingawa mwenyewe alishikilia kwamba alikuwa anawatuliza watu. Alihukumiwa miezi 9, akatoka baada ya kama miezi 3. Kijana Roy aliambiwa baba amesafiri. Baadaye Arthur akawa mbunge na msaidizi wa karibu wa Clement Attlee, yule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1945. Kwa hiyo mtoto huyu hakujiunga na chama cha Labour kama sisi tunavyojiunga na vyama tukitafuta ajira. Alizaliwa ndani yake, na baba yake alikilalia jela.

Alisoma shule ya pale kwao, kisha Oxford, chuo cha Balliol, akamaliza mwaka 1941 kwa daraja la kwanza. Huko akapoteza lafudhi ya Wales yote, akatoka anaongea kama mtoto wa bwana mkubwa. (Tunawajua wa namna hii, wapo hata katika chama chetu, miezi sita tu Kiswahili kinawapiga chenga!) Tena alikuwa na tatizo la kutamka herufi r, na magazeti yalimtania maisha yake yote, maana jina lake lenyewe linaanza na herufi hiyo. Vita ilimpeleka kwenye mizinga, halafu Bletchley Park, kule walikokuwa wakifumbua barua za siri za Wajerumani. Mwaka 1945 aligombea Solihull, hapo jirani yetu, akashindwa. Mwaka 1948 akaingia Bungeni kwa uchaguzi mdogo wa jimbo moja la London, mbunge mdogo kuliko wote kwa umri, na jimbo hilo lilipofutwa alikuja Birmingham. Kuanzia 1950 mpaka 1977 alikuwa mbunge wa Stechford.

Sasa twende kwenye jambo lenyewe.

Miaka ya hamsini, chama cha Labour hakikuipenda hata kidogo ile Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya iliyoanzishwa na nchi sita mwaka 1957. Walioamini ujamaa waliiona kama klabu ya mabepari. Wengine waliona kwamba Uingereza yenye Madola nyuma yake haiwezi kwenda kukaa meza moja na Ubelgiji na Luxembourg na kupigiwa kura. Jenkins akasimama upande wa pili. Mwaka 1960 aliacha nafasi yake ya usemaji wa chama Bungeni ili awe huru kuhubiri Ulaya. Kumbukeni alikuwa na miaka 39 tu, njia ya uwaziri iko wazi mbele yake.

Mwaka 1962 kiongozi wa chama, Hugh Gaitskell, akahutubia mkutano mkuu na kupinga kuingia Ulaya, akisema kwa maneno mazito kwamba huo ungekuwa mwisho wa historia ya miaka elfu ya nchi huru. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Gaitskell hakuwa kiongozi wake tu, alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, na ndiye aliyemvuta juu. Jenkins hakukubaliana naye, na hakuficha. Urafiki ulibaki, lakini miezi michache baadaye, Januari 1963, Gaitskell akafariki ghafla.

Hoja ya Jenkins ilikuwa nini hasa? Nitaieleza kwa maneno yangu. Alisema kwamba mamlaka kamili ya nchi ni kitu cha kutumia. Nchi inaweza kuwa na bendera, bunge, sarafu na jeshi, na bado maamuzi makubwa yanayoihusu yakafanywa mahali ambapo haina kiti. Kama ni hivyo, akaona, bora upunguze sehemu ya mamlaka yako ili upate kiti pale yanapoamuliwa mambo, kuliko kukaa nje umekumbatia mamlaka yote yasiyokusaidia kitu.

Mimi nilipoisoma hoja hii mara ya kwanza nilisema, haya ni maneno ya mtu ambaye hajawahi kutawaliwa. Mpaka nilipofika mwaka 1967.

Tarehe 18 Novemba 1967 serikali ya Uingereza ilishindwa kuitetea pauni, ikaishusha kutoka dola 2.80 hadi dola 2.40. Nchi zetu tatu, Kenya, Uganda na Tanzania, hazikuifuata, na pauni iliyokuwa shilingi 20 za kwetu ikawa shilingi 17 na senti 14. Hebu fikirini, wakoloni wa juzi! Siku chache baadaye Jenkins akawekwa kuwa Waziri wa Fedha. Miaka miwili iliyofuata alikata matumizi, akapandisha kodi, na alitawaliwa na IMF, yaani Shirika la Fedha la Kimataifa, pamoja na wenye mabenki. Yeye Waziri wa Fedha wa nchi huru yenye historia ya miaka elfu alikuwa akiamka asubuhi kuangalia wafanyabiashara wa fedha ng'ambo wameamua nini juu ya pauni. Mtanzania yeyote aliyekuwa mtu mzima mwaka 1986, tuliposaini na shirika hilo hilo, anaijua hali hiyo. Nyimbo zetu za uhuru hazina ubeti wa IMF. Hapo ndipo nilipoanza kumsikiliza jamaa.

Nisije nikamfanya malaika. Kabla ya Fedha alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, tangu Desemba 1965, na alifanya mengi ambayo sisi wageni tunayala matunda yake mpaka leo. Mwezi Mei 1966 alieleza kwamba mgeni kuingia katika jamii hii si kuyeyuka na kuwa Mwingereza, bali ni kupata nafasi sawa na wengine huku akibaki na utamaduni wake, na pande zote zikivumiliana. Aliporudi tena wizara hiyo mwaka 1974, wizara yake ndiyo iliyoandaa sheria ya kupinga ubaguzi wa jinsia ya 1975 na ile ya ubaguzi wa rangi ya 1976. Lakini Februari na Machi 1968, Wahindi wa Kenya wenye pasi za Uingereza walipokuwa wanapanda ndege Nairobi baada ya sheria mpya za uhamiaji na leseni za biashara za kule, serikali ya Labour ilipitisha kwa siku tatu sheria ya kuwafungia mlango. Watu wenye pasi ya Uingereza, wakaambiwa pasi hiyo haitoshi! Jenkins alikuwa ndani ya baraza la mawaziri. Hakujiuzulu. Mtu aliyekuwa tayari kuacha vyeo kwa ajili ya Ulaya, kwa watu wa Nairobi hakuacha hata kimoja. Tarehe 20 Aprili mwaka huo huo Enoch Powell akatoa hotuba yake ya sumu juu ya wageni, katika hoteli iliyo hapa hapa katikati ya jiji letu. Familia nyingi mnazonunua kwao mchele na unga wa sembe zilikuja kwa mkondo ule wa Nairobi, na baadaye wa Kampala. Waulizeni wazee wao.

Haya, turudi kwenye chama. Mwaka 1970 Labour ilishindwa uchaguzi, na Jenkins akachaguliwa naibu kiongozi. Waziri Mkuu mpya, Edward Heath wa Conservative, akaipeleka Uingereza mlango wa Ulaya kwa mara nyingine, baada ya De Gaulle kuifungia nje mara mbili, 1963 na 1967. Labour, ambayo yenyewe iliomba kuingia ilipokuwa madarakani, sasa ikageuka na kupinga, kwa sababu ni Heath anayefanya. Mnaona basi, siasa ni zile zile kila mahali.

Tarehe 28 Oktoba 1971 ikaja kura Bungeni. Chama kilitoa amri kali kabisa, kila mbunge apinge. Jenkins, naibu kiongozi, akaenda kupiga kura na serikali. Nyuma yake walikwenda wabunge wengine 68 wa Labour, jumla 69, na 20 wakakaa bila kupiga. Serikali ilishinda 356 kwa 244. Kwa sababu Conservative 39 walimkataa Heath, ni wazi kwamba bila ya hao wa Jenkins mambo yangekuwa magumu sana. Wenzake wa chama waliwazomea, waliwaita wasaliti.

Hadithi ingekuwa nzuri kama ingeishia hapo. Lakini yeye alitaka kubaki naibu kiongozi, na ili abaki ilibidi arudi kwenye mstari. Februari 1972, muswada wenyewe wa kuingia Ulaya uliposomwa mara ya pili, Jenkins alipiga kura na chama chake kuupinga! Muswada ulipita kwa kura 309 dhidi ya 301, tofauti ya kura nane. Yaani mtu alijua kwamba jambo analoliamini linaning'inia kwenye uzi, na bado akapiga kura ya kulikata, akiomba kimoyomoyo wengine walishike. Mwenyewe baadaye hakujivunia kipindi hicho. Mimi hapa ndipo nilipompenda kidogo, maana niliona binadamu.

Aprili 1972 akashindwa kuvumilia. Labour iliamua kwamba wananchi waulizwe kwa kura ya maoni, na Jenkins akajiuzulu unaibu. Hakuipenda kura ya maoni. Aliona ni silaha ya wanaotaka kukwamisha mambo, na kwamba mambo magumu ya nchi ni kazi ya Bunge. Ninamuelewa, ila hapa simuungi mkono. Kuna harufu ya dharau ndani yake, ya mtu wa Oxford mwenye kupenda mvinyo mzuri wa Bordeaux ambaye anawapenda wananchi lakini hataki kuwauliza. Na ona historia ilivyo na mzaha: kura ya maoni ilipofanyika tarehe 5 Juni 1975, ni yeye aliyeongoza kampeni ya kubaki, na wakashinda kwa asilimia 67.2.

Nimeitaja tarehe hiyo makusudi. Tarehe 5 Juni 1963, miaka 12 kamili kabla yake, Nyerere, Kenyatta na Obote walikutana Nairobi na kutangaza kwamba nchi zetu zitaungana kuwa shirikisho kabla mwaka haujaisha. Na mwaka 1960 Nyerere alikwisha sema kwamba yuko tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili tuupate pamoja na wenzetu. Kuchelewesha uhuru, jamani! Maneno hayo angeyasema mtu mwingine angeitwa kibaraka. Wakati Waingereza wanabishana kama wauweke uhuru wao kwenye kapu moja na jirani, sisi tulikwishalisuka kapu. Septemba 1969 Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki ilisaini mkataba wa biashara na Jumuiya ya Ulaya pale Arusha, nchi tatu zikiwa upande mmoja wa meza, huku Uingereza bado iko nje ya mlango inabisha hodi.

Tarehe 21 Novemba 1974 mabomu yalilipuka katika baa mbili katikati ya Birmingham, watu 21 wakafa. Jenkins alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na mbunge wa jiji lililolipuliwa. Ndani ya siku nane sheria kali ya ugaidi ilikuwa imepita, na kwa muda mrefu kila mwenye lafudhi ya Ireland hapa mjini aliishi kwa hofu. Watu sita walifungwa mwaka 1975 kwa kosa ambalo hawakulitenda, wakatoka 1991. Jambo hilo linastahili makala yake lenyewe.

Machi 1976 Harold Wilson akang'atuka, na wabunge wa Labour wakapiga kura ya kumpata kiongozi, ambaye moja kwa moja angekuwa Waziri Mkuu. Michael Foot alipata 90, James Callaghan 84, Jenkins 56. Basi. Kura ile ya 1971 ilimfuata mpaka kwenye sanduku. Akajitoa, Callaghan akashinda raundi zilizofuata, na hakumpa hata Mambo ya Nje aliyoitaka. Januari 1977 Jenkins akaondoka kwenda Brussels kuwa Rais wa Kamisheni ya Ulaya, Mwingereza wa kwanza na wa mwisho kukikalia kiti hicho.

Januari 1977. Sisi tulikuwa wapi? Mwezi huo huo Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikuwa linakata roho. Februari Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Kufikia katikati ya mwaka Jumuiya imekwisha. Nchi zilibaki kugombea mabehewa, meli na ndege kama watoto wa marehemu asiyeacha wosia, mpaka Mswisi mmoja, Victor Umbricht, alipofanya usuluhishi wa kugawana, makubaliano yakafikiwa Arusha Novemba 1983 na mpaka kufunguliwa. Mama yangu ni mtu wa Tanga, na kaka yake alikuwa ameoa Mombasa. Mwendo wa saa chache kwa gari. Miaka sita hawakuonana, na bibi alipofariki mjomba hakuzika. Nyumbani kwetu jambo hilo lilihadithiwa kama habari ya mvua au ukame, kitu kilichotokea tu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba lilikuwa ni uamuzi wa nchi huru zilizotumia uhuru wao kikamilifu.

Huko Brussels, Oktoba 1977, Jenkins alitoa mhadhara Florence akitaka Ulaya iwe na sarafu moja. Wengi walimwona anaota. Machi 1979 ukaanza mfumo wa kuzifunga sarafu zao pamoja, Uingereza ikabaki nje ya sehemu yake muhimu. Uhai wake ulitosha kuona noti za yuro zikitoka mikononi mwa watu Januari 2002, isipokuwa kwao. Na sisi? Jumuiya yetu ilifufuliwa kwa mkataba wa 1999, tukasaini itifaki ya sarafu moja Novemba 2013, ikapangwa sarafu iwe tayari 2024. Mwaka huo ulipita, bado tunabadilisha shilingi kwa shilingi pale Namanga.

Na Stechford walifanyaje? Uchaguzi mdogo wa Machi 1977 walimpa Conservative jimbo ambalo Labour ilidhani ni mali yake, na chama cha kibaguzi cha National Front kikashika nafasi ya tatu, mbele ya Liberal. Wapiga kura wake aliwaacha kwa ajili ya Ulaya, nao wakamjibu.

Alipomaliza Brussels alirudi na wazo la chama kipya. Tarehe 25 Januari 1981 yeye na wenzake watatu, Shirley Williams, David Owen na Bill Rodgers, waliosemwa kama Genge la Wanne, walitoa tamko lao, na Machi chama cha SDP kikazinduliwa. Labour wakati huo ilikuwa imeamua kuitoa Uingereza Ulaya bila hata kuuliza watu. Wabunge 28 wa Labour walihamia huko kwa nyakati tofauti, na mmoja wa Conservative. Kaka na dada, kwetu tunajua habari za kuhama vyama, tumeona waheshimiwa wakihama usiku na kuamka asubuhi wanaunga mkono juhudi. Jenkins alihama kutoka chama kikubwa kwenda kusikokuwa na kitu. Lakini ile hoja ya wapiga kura ipo pale pale: Kenya mwaka 1966, Oginga Odinga alipotoka KANU na kuunda KPU, sheria ilibadilishwa haraka ili waliohama warudi kwa wananchi, na chama chake kikabaki na viti 9. Lilikuwa hila, sikatai. Katika wale wa SDP ni mbunge mmoja tu, Bruce Douglas-Mann, aliyejiuzulu kwa hiari akagombea upya, mwaka 1982, akashindwa. Wengine walikaa na viti vya chama walichokikimbia.

Jenkins mwenyewe hakuwa na kiti wakati huo. Alijaribu Warrington Julai 1981, akashindwa kwa kura chache, kisha akashinda Hillhead, Glasgow, Machi 1982. Uchaguzi wa 1983 SDP na Liberal kwa pamoja walipata asilimia 25.4 ya kura na viti 23, wakati Labour iliyopata asilimia 27.6 ikapewa viti 209. Mfumo huo huo ndio tuliourithi sisi Tanzania, Kenya na Uganda kwenye majimbo yetu. Mwaka 1987 akapoteza Hillhead. Akaingia Baraza la Malodi, akawa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Oxford, akaandika vitabu vikubwa vya maisha ya Gladstone na Churchill. Mwana wa mfungwa wa mgodini. Alifariki tarehe 5 Januari 2003 kijijini kwake Oxfordshire. Uwaziri mkuu hakuupata.

Mwaka jana nilikwenda Stechford tena. Yule mama sikumkuta. Nilizunguka kidogo karibu na kituo cha treni, nikauliza watu watatu wanne kama wanamkumbuka Roy Jenkins, mmoja tu, mzee wa Kijamaika, alisema ndiyo, na akakumbuka jinsi alivyoongea. Yule jamaa wa Poland alirudi kwao na watoto wake mwaka 2019, kabla Uingereza haijatoka rasmi tarehe 31 Januari 2020. Tulifanya kazi zamu moja miaka miwili baada ya ile kura, tukila chakula meza moja, na aliniuliza mara moja nilipigaje. Nilimwambia kura ni siri.

Mdahalo wetu wa shirikisho la Afrika Mashariki mnaujua, tangazo limebandikwa. Ndugu yetu Mganda anayeandaa ameniweka upande wa kupinga, kwa kuwa ndio msimamo alionizoea nao. Nimemwomba anihamishe.